Soksi, chungu chenye matundu na swali la dogo wa dawati la nyuma

Poleni kwa ukimya. Nilisema nitaandika kila Jumapili, nikapotea wiki tatu mfululizo. Kisa ni kilekile: majaribio, semina presentesheni na bumu ambalo limechelewa kuliko daladala za Kihesa siku ya mvua. Leo ni Jumamosi usiku, Iringa baridi kali, nimejifunika mablanketi mawili na kikombe cha chai ya tangawizi pembeni. Nina stori ya historia leo. Msikimbie! Najua wengine mkisikia historia mnakumbuka madesa ya kukariri miaka. Hii sio ya kukariri. Ni ya soksi.

Yaani ndio, soksi.

Ilianza hivi. Mwenzangu tunayelala naye chumba kimoja ni mtoto wa Tanga. Huku nyanda za juu anaumwa hamu ya bahari, basi kila akipata bando anaangalia video za samaki. Juzi usiku alikuwa anaangalia jamaa mmoja wa Ulaya ambaye amefuga samaki wa baharini sebuleni kwake, kwenye tangi la kioo lenye maji ya chumvi, matumbawe na mataa ya bluu. Chini ya lile tangi kuna tangi jingine dogo limefichwa kabatini, wao wanaliita sampu. Maji machafu yanashuka kutoka juu, yanachujwa kule chini, halafu pampu inayarudisha juu. Na pale yanapoingilia kwenye sampu wanafunga mfuko mrefu wa kitambaa kama soksi. Uchafu wote, mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki, unanasa humo.

Sasa yule jamaa alikuwa analalamika kwamba hizo soksi ni bei mbaya. Akawa anaonyesha watu namna ya kujitengenezea: kata soksi ya kawaida, au chukua ile pamba nyeupe ya kujazia mito, au sponji, au jaza pamba kwenye kikombe cha plastiki kilichotobolewa. Mwenzangu akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Shoga, wazungu wamegundua kifumbu!"

Kwa wa bara wenzangu msiojua, kifumbu ni kale kafuko ka ukili ambako watu wa pwani wanachujia tui la nazi. Unajaza nazi iliyokunwa, unatia maji, unakamua, tui linatoka na machicha yanabaki ndani. Ukikaangalia vizuri, ni soksi kabisa.

Yeye akacheka, mimi nikanyamaza. Ile video ilinirudisha darasani Mbeya, siku niliyoulizwa swali na mtoto wa kidato cha kwanza nikakosa jibu. Nimekaa na hili jambo muda mrefu, leo naliandika liishe.

SWALI LENYEWE

BTP yangu niliifanyia nyumbani Mbeya, kwenye shule moja ya kata ambayo sitaitaja jina. Darasa lina watoto wengi kuliko madawati, nyuma wanakaa watatu watatu na wengine wanaandikia mapajani. Mimi nafundisha Historia. Siku hiyo mada ilikuwa viwanda vya Afrika kabla ya ukoloni: kufua chuma, kufinyanga, kusuka nguo, na kutengeneza chumvi.

Nilijiandaa vizuri tu, andalio la somo limekaa sawa. Kwenye chumvi nikaandika ubaoni kama nilivyoandikiwa mimi enzi zangu: watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi, wengine walichimba chumvi mwamba, wengine walichoma matete, majivu wakayatia maji, wakachuja, wakachemsha, chumvi ikabaki. Wameandika, nikauliza, "Kuna swali?" Kimya. Si mnajua darasa la Historia, likiisha kila mtu anawaza kengele.

Mara dogo mmoja wa dawati la nyuma kabisa akanyoosha mkono. Akaomba aulize kwa Kiswahili. Nikamruhusu. Akasema:

"Mwalimu, walichuja na nini?"

Nikamwambia, "Walitumia chujio."

"Chujio la nini, Mwalimu? Kitambaa si walikuwa hawana kingi? Na tope likitoka, chumvi si inatoka nayo?"

Wadau, nilisimama pale na chaki mkononi kama mtu aliyeshuka kituo sicho. Nilijua mwaka wa mkutano wa Berlin. Nilijua jina la kila gavana wa Kijerumani. Lakini swali la mtoto wa miaka kumi na minne, la kitu ambacho mimi mwenyewe nimekiandika ubaoni kwa mkono wangu, sikulijua. Nikafanya kile ambacho walimu wote waoga hufanya. Nikasema, "Swali zuri, tutaliangalia kipindi kijacho." Kengele ikaniokoa.

Njia nzima kuelekea Mwanjelwa nikawa najiuliza: "wakachuja" ni neno moja tu ubaoni, lakini kama huwezi kulieleza, umefundisha nini?

NILICHOKUTA

Nikaanza kutafuta. Cha kwanza kilichonitia aibu zaidi ni kwamba jibu lilikuwa karibu na kwetu. Huko Ivuna, upande wa ziwa Rukwa, kuna maeneo ya chumvi ya zamani sana. Ivuna leo iko wilaya ya Momba mkoa wa Songwe, lakini kabla ya 2016 Songwe yote ilikuwa ndani ya mkoa wa Mbeya, kwa hiyo nilikua mkoa mmoja nayo bila kujua. Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba pale, na 1968 wakachapisha matokeo: vigae vya vyungu na mabaki ya kazi ya chumvi ya kati ya karne ya 13 na ya 15 hivi. Yaani kabla Vasco da Gama hajafika pwani yetu mwaka 1498, watu wa huku kwetu walikuwa tayari wana kiwanda. Duniani Ivuna inajulikana zaidi kwa kimondo kilichoanguka pale tarehe 16 Desemba 1938. Jiwe kutoka mbinguni limeipa jina kuliko karne zote za jasho la watu. Ndio dunia hiyo.

Mwaka huohuo 1968 John Sutton na Andrew Roberts nao walichapisha habari za Uvinza kule Kigoma, ambako mto Ruchugi unakutana na Malagarasi. Pale chumvi imetengenezwa tangu takriban miaka 1,500 iliyopita. Ila Uvinza wana bahati, chemchemi zao zinatoa maji yenye chumvi kali. Unateka, unachemsha, umemaliza. Chujio halina kazi kubwa.

Shida iko pale ambapo chumvi imeganda kwenye udongo, au iko ndani ya majivu. Hapo huwezi kuchemsha moja kwa moja, utapata uji wa tope. Ndipo nikakutana na Kibiro, Uganda, kando ya ziwa Albert. Mwanaakiolojia Graham Connah alifanya utafiti pale 1989 na 1990, kitabu chake kikatoka 1996. Kibiro ni hivi, someni taratibu:

Kazi ni ya akina mama. Kila mmoja ana bustani yake ya chumvi, na bustani inarithiwa ndani ya ukoo kama shamba. Ardhi ya pale ina unyevu wa chumvi unaotoka chini. Mama anatandaza udongo mkavu uliolegea juu ya ile ardhi. Jua linapiga, unyevu unapanda, maji yanakauka na chumvi inabaki kwenye ule udongo wa juu. Anaukwangua, anaujaza kwenye chombo chenye matundu chini, anamimina maji. Maji yanapita ndani ya udongo, yanayeyusha chumvi, yanadondoka kwenye chombo cha chini yakiwa makali. Hayo ndiyo yanachemshwa jikoni mpaka yakauke. Na ule udongo uliobaki hautupwi! Anaurudisha bustanini, anautandaza tena.

Mnaona? Chungu chenye matundu. Huyo ndiye baba yake soksi. Tena kuna ujanja mwingine ndani yake: udongo wenyewe ni sehemu ya chujio. Maji ya kwanza yanaweza kutoka na tope kidogo, lakini udongo ukishakaa, chembe kubwa zinazuia chembe ndogo.

Na swali la pili la dogo, kwamba tope likizuiwa chumvi nayo si inazuiwa? Hapana, na hapa ndipo siri yote ilipo. Tope halijayeyuka, linaelea tu majini. Chembe zake zina ukubwa, zinanasa. Chumvi imeyeyuka, imegawanyika vipande vidogo mno kiasi kwamba hakuna kitambaa wala nyasi wala mchanga unaoweza kuizuia. Soksi za wale wafuga samaki nyingi zina vitundu vya maikroni 100 au 200, na maikroni 1 ni milimita moja ukiigawa mara 1,000. Zinanasa uchafu, lakini maji ya bahari yanabaki na chumvi yake yote, ndio maana samaki hafi. Mama wa Kibiro na jamaa wa Ulaya wanategemea jambo lilelile: kinachoelea kibaki, kilichoyeyuka kipite.

BIBI

Jumamosi nikapanda gari mpaka Rungwe kwa bibi mzaa mama. Nilikuwa nataka ndizi na mapumziko, lakini swali lilikuwa kichwani. Nimefika, shikamoo, marahaba, "ugonile", "ndaga", tukakaa jikoni. Bibi huwa ananiita mke mwenzake, mnaelewa utani wa mabibi.

Nikamuuliza kama aliwahi kuona watu wakitengeneza chumvi ya majivu. Akanicheka.

"Mke mwenzangu, mnasoma chuo kikuu mnakuja kuniuliza mimi majivu?"

"Bibi, kitabu kinasema walichuja. Hakisemi na nini."

Akanyamaza kidogo, halafu akaanza kueleza, mikono yake ikifanya kazi hewani kama vile chungu kipo. Alipokuwa mtoto, mama yake alikuwa anakausha maganda ya ndizi na makapi ya maharage, anayachoma mpaka majivu meupe. Kulikuwa na chungu kizee kilichotobolewa chini. Chini kabisa ndani ya chungu wanatandika nyasi safi, zinashindiliwa, halafu juu yake majivu. Maji yanamiminwa kidogokidogo kwa kibuyu. "Ukimimina kwa haraka," akasema, "maji yanatafuta njia ya pembeni, yanatoka bure na majivu." Yanayodondoka yana rangi ya chai nyepesi. Hayo wanapikia maharage na mboga za majani.

Nikamuuliza, kwa nini nyasi na sio kitambaa?

"Kitambaa tulichonacho tunakivaa. Na nyasi ukimaliza unatupa, unakata nyingine. Nani atafua kitambaa cha majivu kila siku?"

Nikaandika hilo kwenye daftari langu neno kwa neno. Mimi nilidhani walitumia nyasi kwa sababu ya kukosa. Kumbe ilikuwa ni hesabu: chujio linaziba, sharti libadilishwe kila mara, kwa hiyo tumia kitu ambacho kipo tele na hakiumi kukitupa.

Bibi hakuniacha niondoke na sifa tupu. Akanionyesha shingo yake, akasema, "Lakini dada yangu mkubwa alikuwa na rovu kubwa hapa." Ni kweli, wadau. Nyanda zetu za juu, Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma, zilisumbuliwa sana na rovu kwa sababu udongo wa huku una upungufu wa madini joto, na chumvi ya majivu haina msaada kwa hilo. Miaka ya 1980 serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye maeneo yaliyoathirika, na miaka ya 1990 ikaja sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi ya dukani. Kwa hiyo sisemi turudi kwenye majivu. Pakiti ya dukani imeokoa shingo za watu. Ninachosema ni kwamba waliokuwa wanachuja walikuwa wanajua wanachofanya.

SIKU YA SOKSI

Jumatatu nikaingia darasani na ndoo. Watoto wakachangamka, ticha na ndoo wapi na wapi. Nilikuwa nimewaambia kila kundi lije na kopo tupu na kitu cha kuchujia chochote kilichopo nyumbani. Kwenye ndoo nilichanganya udongo mwekundu wa uwanjani, chumvi nusu kilo na maji. Tope zito, baya kweli.

Dogo wa nyuma nikampa kazi ya kutoboa makopo kwa msumari. Makundi yakawa matano:

Kundi la kwanza, soksi nyeupe ya shule. Maji yalipita haraka sana, wakashangilia. Lakini yalitoka bado mekundu.

Kundi la pili, kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara nne. Polepole, lakini maji yalikuwa yanaonekana vizuri zaidi.

Kundi la tatu, pamba ya mto. Walipoishindilia vizuri, maji yalitoka safi kuliko ya kanga. Walipoilegeza, tope likapita pembeni, kama alivyosema bibi.

Kundi la nne, nyasi peke yake. Hovyo. Kokoto zilibaki, tope likapita.

Kundi la tano, nyasi chini, mchanga uliooshwa juu yake. Maji ya kwanza machafu, wenzao wakawazomea. Wakarudia kumimina yaleyale mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya tatu darasa lilinyamaza. Yalikuwa masafi kuliko ya wote.

Nyasi ambazo peke yake ni hovyo, zikibeba mchanga zinashinda pamba. Kazi yake sio kuchuja, ni kuzuia mchanga usitoke kwenye tundu.

Katikati ya shughuli hiyo si msimamizi wangu wa chuo akaingia kunikagua! Sikuwa nimeambiwa kama anakuja siku hiyo. Akakuta darasa limesimama, maji sakafuni, ubaoni hakuna kitu zaidi ya tarehe. Moyo ulinienda mbio. Nikaamua kuendelea, ningefanyaje. Tukachemsha maji ya kundi la tano kwenye jiko la mkaa nje ya darasa, watoto wamezunguka. Dakika kama arobaini, maji yakaisha, pembeni ya sufuria kukabaki weupe. Dogo wa nyuma akachovya kidole, akaonja, akanigeukia.

"Chumvi, Mwalimu."

Hakusema kingine. Nami sikuwa na cha kuongeza.

Msimamizi kwenye fomu aliandika kwamba usimamizi wa darasa uboreshwe na matumizi ya ubao yalikuwa hafifu. Maksi za kawaida tu. Kiukweli iliniuma wiki nzima. Lakini ana haki yake, ubao kweli ulikuwa mtupu.

KILICHOTOKEA BAADAYE

Somo la mwisho hatukupanga. Tulifanya lile zoezi tena Alhamisi, makopo yakaachwa nyuma ya darasa mpaka Jumatatu. Safari hii kundi la soksi lilikuwa limechuja maji ya kuoshea vyombo vya uji wa shule, wakitaka kujaribu uchafu wa aina nyingine. Jumatatu tulipofungua mlango, jamani! Harufu. Soksi imeoza, ina ute. Walipomimina maji masafi ndani yake, yalitoka yananuka.

Mtoto mmoja wa kike akasema, "Mwalimu, tumeweka maji masafi yametoka machafu." Hiyo sentensi ningeweza kuiandika kwenye mtihani wa chuo.

Na hapo ndipo nirudi kwa jamaa wa Ulaya na tangi lake. Nilimwambia mwenzangu arudishe video nyuma, nisikilize vizuri. Jamaa alikuwa anasema hivihivi: soksi inafuliwa au kubadilishwa kila baada ya siku chache. Ukiiacha, uchafu ulionaswa unaozea ndani huku maji yakiendelea kupita juu yake, na maji yanaharibika. Soksi haikuondoa uchafu, imeukusanya sehemu moja ili wewe uuondoe. Usipouondoa, umejenga dampo ndani ya bomba.

Hawa wa matangi nao wana historia yao, na yenyewe ina mikono ya watu wasioandikwa sana. Mwaka 1846 mama mmoja wa Kiingereza, Anna Thynne, alibeba matumbawe kutoka pwani ya Torquay mpaka London. Hakuwa na pampu wala umeme. Ili maji ya chumvi yasife hewa, mtumishi wake wa ndani alikuwa anayamimina kutoka chombo kimoja kwenda kingine mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku, zaidi ya nusu saa. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa ajili ya watu wote, na 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichoeneza neno akwariamu. Gosse huyohuyo alitengeneza maji ya bahari ya bandia kwa kuchanganya chumvi na maji baridi, kwa sababu London iko mbali na bahari. Jina la Gosse limebaki. Jina la Thynne limebaki kidogo. Yule mtumishi aliyekuwa anamimina maji anatajwa kama mtumishi tu.

Ubaoni kwangu ilikuwa vilevile. "Wakachuja." Nani? Na nini? Mama wa bibi yangu yumo ndani ya hilo neno, na mama wa Kibiro, na waliovunja vile vyungu vya Ivuna karne ya 13. Wote nilikuwa nimewafupisha kwenye kitenzi kimoja kisicho na mtu.

TAHADHARI KIDOGO (hasa kwa wana hosteli)

Najua kuna watu humu, mvua zikianza na bomba likitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, wanafunga soksi au kitambaa kwenye bomba halafu wanakunywa. Nimewaona, na mimi mwenyewe nimewahi. Sikilizeni. Kitambaa kinasaidia lakini hakimalizi. Kule Bangladesh, Rita Colwell na wenzake walifanya utafiti vijijini, ukachapishwa 2003: akina mama walichuja maji ya mtoni kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne, na wagonjwa wa kipindupindu wakapungua kwa asilimia 48 hivi. Kubwa sana hiyo, kwa kitambaa cha bure! Sababu ni kwamba wadudu wa kipindupindu wengi wanajishikiza kwenye vijidudu vya majini ambavyo vina ukubwa wa kunaswa. Na sari kuukuu ilifanya kazi vizuri kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zilizofuliwa mara nyingi zinatawanyika na kuziba nafasi.

Lakini soma upande wa pili wa hiyo asilimia. Nusu nyingine waliugua. Taifodi nayo haijali soksi yako. Chuja, halafu CHEMSHA. Na hiyo soksi fua, tafadhali.

MWISHO

Nimeandika haya kwa sababu kuna wenzangu wa mwaka wa pili mnaoenda BTP karibuni, na mmenitumia meseji mkiomba madesa yangu. Nitawapa. Lakini kabla ya kuandika ubaoni "wakachuja", "wakafua chuma", "wakafinyanga", jiulizeni kama mnaweza kumjibu dogo wa dawati la nyuma. Kama hamuwezi, nendeni mkamuulize bibi, au jirani, au mama muuza pombe za kienyeji ambaye anachuja kila siku. Kisha rudini na makopo.

Hapa Iringa tukisema historia tunawaza Mkwawa na Isimila, na ni haki. Vita vina makumbusho Kalenga, zana za mawe zina eneo lake la kutembelewa. Chungu chenye matundu mimi nilikisikia jikoni kwa bibi tu, na yeye ana zaidi ya miaka themanini. Likizo hii nimepanga kwenda tena, safari hii na kopo, msumari na maganda ya ndizi yaliyokaushwa. Nataka anionyeshe kwa mikono, sio hewani. Nitapiga picha nikipata simu yenye kamera inayoeleweka.

Siku ya mwisho pale shuleni, dogo alinifuata nje ya ofisi ya walimu. Nikadhani anataka kuniaga. Akasema, "Mwalimu, pale kwenye chuma. Umeandika walipuliza moto kwa mivukuto. Mivukuto ya ngozi ya mnyama gani?"

Basi ndio hivyo, niko maktaba tena kesho. Mwenye jibu anitafute kantini, chai juu yangu, bumu likitoka.

Usiku mwema wadau.